Hapa Hapana Mtoto

"Basi kama ni lako, sema kuna nini ndani! Sema, watu wasikie!"

"Mimi nisemeshwe na wewe, Siwatu? Wewe ambaye juzi tu uliapa nyumba hii haina dari?"

"Juzi ipi? Lini mtaa huu ukawa na juzi?"

Hapo akanikamata. Mtaa wetu hauna juzi. Una leo moja ndefu, imechakaa magotini kama suruali ya fundi, na kila tukiamka tunaivaa hiyohiyo. Lakini sikuachia. Nilikuwa nimeshika bweta upande wa kulia, Siwatu kalishika upande wa kushoto, na juu yetu fundi Machano kasimama kwenye ngazi, nyundo mkononi, vumbi la dari limemjaa kwenye nyusi, anatutazama kama mtu aliyepasua bomba la maji bila kukusudia.

Na kweli hakukusudia. Tulimwita aje ang'oe mbao zilizooza kwenye dari ya korido. Ubao wa tatu tu, bweta hilo likaanguka, pu! Likatua kati ya mlango wangu na mlango wa Siwatu, katikati kabisa, ungedhani mtu kapima kwa kamba. Bweta la mti mweusi, ukubwa wa mkate wa boflo, pembe zake zimepigwa shaba, kufuli dogo limeota kutu. Nililitazama mara moja tu nikasikia harufu ya kwapa la mama yangu. Nikasema: langu. Na katika pumzi hiyohiyo Siwatu akasema: langu.

Watu wa nyumba wakatoka. Nyumba yetu haina siri. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanakuombea afya. Wakajipanga kwenye kuta za korido, mwenye mwiko na mwiko wake, mwenye povu la sabuni na povu lake, na raha ya ugomvi wa wenzao ikawaenea usoni. Nisingewalaumu. Ningekuwa wao, ningeleta kigoda.

Mimi, jamani, niwaambie ukweli wangu mapema, ili msije mkasema nimewaficha: nyumba isipojaa sipumui. Napika wali wa sinia kubwa hata tukiwa watatu, kisha nasimama barazani naita wapita njia, karibu, karibu, hata wewe usiyenijua, karibu. Watu husema Siajabu ana moyo mkunjufu. Siajabu ndiye mimi. Moyo mkunjufu! Kama wangejua. Chumba kitupu kina sauti yake, na mimi sauti hiyo naijua tangu nikiwa na siku saba. Inasema: hapa hapana mtu. Kwa hiyo naijaza nyumba vicheko, masufuria, umbea wa nani kamwacha nani, ili nisiisikie. Mtu akiniambia habari ya mtu mwingine, kwa muda ule najua kuna watu duniani, na kama kuna watu, huenda na mimi nimo.

Huenda. Neno hilo ndilo lililonifanya nising'atuke pale koridoni.

"Siajabu, achia."

"Achia wewe."

"Nitakung'ata."

"Kwa meno gani, shoga? Yaliyobaki yanagombana yenyewe kwa yenyewe."

Watu wakacheka. Siwatu naye kicheko kikamponyoka kwa bahati mbaya, lakini vidole vyake havikulegea. Tumeishi mlango kwa mlango tangu tuzaliwe, yeye na mimi. Tumeazimana chumvi, viatu, na mara moja mchumba. Sijawahi kumwona kashika kitu namna ile.

Sasa lazima niwaambie kuhusu Mwenye Hodi, maana bila yeye mtadhani hili bweta ni bweta.

Kila siku, saa saba mchana, chakula kikishapakuliwa, mlango wa mbele hupigwa hodi. Mara tatu, kwa upole, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Na kila siku watu wote wa nyumba hii, wakubwa kwa wadogo, hujibu kwa pamoja, midomo imejaa: "Hapa hapana mtoto! Kuna taka tu!" Kisha kimya. Kisha nyayo zinaondoka. Wapangaji wapya hucheka siku ya kwanza. Siku ya pili hawacheki. Siku ya tatu utawasikia nao wanajibu, na ukiwauliza kwa nini, hawajui. Hakuna aliyewahi kufungua. Ndivyo mama zetu walivyotufundisha, na tulijua kujibu hodi ile kabla hatujajua majina yetu.

Mama yangu, Bi Tunu, alizika watoto watatu kabla yangu. Mama yake Siwatu, Bi Zamda, alizika wawili. Mwenye Hodi alikuja, akauliza wa nani huyu, akajibiwa kwa fahari wa fulani, na fahari hiyo ndiyo ikawa njia yake ya kuingilia. Kwa hiyo wanawake wale wawili waliposhika mimba mwezi mmoja na kujifungua siku moja, wakafanya wanavyofanya watu wa kwetu wakichoka kuzika. Siku ya saba unamfunga mtoto kwenye kanga, unamtupa jaani, nyuma ya nyumba, juu ya majivu na magamba ya samaki. Mwenzio anapita, anasema kwa sauti, "Lo, nimeokota taka," anamchukua. Kisha anakuletea mlangoni, "Shoga, nina taka hapa, huna pa kuiweka?" Unapokea kwa kununa. Unampa jina la kutupia, jina ambalo halimwiti mtu. Tangu siku ile humwiti mwanangu. Husemi mzuri. Hutunzi chochote chake. Mwenye Hodi akija anakuta mama asiye na mtoto na taka isiyo na mama, anaondoka.

Na hapo pakatokea kosa. Watu wengine hawawezi kulifanya kosa hili, lazima ujue kuficha mtoto kama sisi tunavyojua. Wanawake wale waliahidiana kuokoteana. Wakanunua doti moja ya kanga, wakaikata, kila mmoja kipande chake, maua yaleyale, maandishi yaleyale. Wakaenda jaani asubuhi moja, kwa wakati mmoja. Jaa lilikuwa linafuka moshi. Wakaweka. Wakageuka. Wakarudi, kila mmoja aokote taka ya mwenzake. Moshi. Kanga moja. Vilio viwili vinavyofanana. Na mila inakataza kufunua uso, inakataza kusema huyu ndiye. Ukisema umemtaja, na ukimtaja umemuuza.

Wakaokota.

Wakapeana.

Wakaingia ndani.

Mama yangu alirudi nyumbani na taka. Ya nani, hakuuliza. Mama yake Siwatu vilevile. Na sisi tukakua mlango kwa mlango, kila mmoja akimtazama mama wa mwenzake kwa wizi, akipima pua, akipima vidole vya miguu.

Nilipong'oka jino la kwanza nilimkimbilia mama na damu mdomoni. Alilichukua akalitupa juu ya paa bila kulitazama. Wageni waliposema, "Bi Tunu, binti yako ana macho mazuri," alitema mate pembeni: "Mazuri wapi, taka hilo." Nilijua ni mila. Kila mtu alijua ni mila. Lakini kujua ni kitu cha mchana, na mtoto ana mahali pengine ndani yake ambapo mchana haufiki, na pale maneno huingia bila maelezo. Nilikuwa najiuliza: ukifichwa vizuri mno, hadi aliyekuficha akaanza kuamini uwongo wake, je, wewe upo? Na kama upo, upo kwa nani?

Siku mama anakufa nilikuwa nimeshika mkono wake. Nilikwisha kuwa mtu mzima, nimezaa, nimeachika, nimezeeka kiasi. Nikamwinamia sikioni: "Mama, sasa hakuna wa kutusikia. Mimi ni nani wako?" Akanitazama. Nawaapia alinitazama, midomo ikaanza kulifinyanga neno. Na hodi ikapigwa. Ilikuwa saa saba. Macho yake yakahama kwangu yakaenda mlangoni, na pumzi ile aliyokuwa ameibakiza, ile moja, akaitumia kujibu:

"Hapa hapana mtoto."

Ndipo akaenda.

Sasa mnaelewa kwa nini sikuachia bweta.

"Haya," alisema fundi Machano kutoka juu ya ngazi. Ni mtu wa maneno machache, hutibu mapaa ya watu kama daktari. "Kila mmoja aseme kilichomo. Atakayepatia achukue. Mimi nina paa la watu huko linaningoja."

"Aanze yeye," alisema Siwatu.

Nikafumba macho. Sikuhitaji kufikiri. "Kuna ushanga wa kiuno, wa rangi ya mdalasini. Kuna nywele za kwanza, zile za kunyolewa, zimekunjwa kwenye karatasi. Kuna jino la mbele, si kweli kwamba lilitupwa paani, usiku ule ule lilifuatwa likachukuliwa. Na kuna bangili ya fedha nyembamba, haipiti hata kwenye vidole vyangu viwili."

Nilipofumbua macho, Siwatu alikuwa amekuwa rangi ya majivu.

"Nani kakwambia?" alinong'ona.

"Nani aniambie?"

"Hivyo ndivyo nilivyotaka kusema mimi. Ushanga. Nywele. Jino. Mpaka bangili, Siajabu. Mpaka rangi ya ushanga."

Povu la sabuni likasikika likipasuka kwenye viganja vya mtu. Tukatazamana, wanawake wawili wenye mvi, na kila mmoja akauona ukweli kwenye uso wa mwenzake kama mtu anayejiona kwenye maji: hakuna kati yetu aliyewahi kuliona bweta hili. Hatukuvikumbuka vitu hivyo. Tulivitamani. Kila mmoja peke yake, kwenye mkeka wake, upande wake wa ukuta, alikuwa amelichonga bweta kichwani na kulijaza kitu kimoja kimoja, miaka na miaka, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba.

"Nipige?" Machano aliuliza. Alikuwa ameshuka. Kichwa cha nyundo kilikuwa juu ya kufuli.

"Piga," tulisema.

Kufuli likavunjika kwa mlio mdogo, kama mtu anayegonga ulimi kwa huzuni.

Ushanga ulikuwepo.

Si mmoja. Mitano. Midogo, ya kiuno cha mtoto mchanga, kila mmoja na rangi yake, na hakuna wa mdalasini. Nywele zilikuwepo, karatasi tano. Bangili tano. Jino lilikuwepo, moja tu, maana wanne kati yao hawakuufikia umri wa kung'oka jino.

Tuliwahesabu kimyakimya, watatu wa mama yangu, wawili wa mama yake. Kumbe hawa ndio waliotunzwa. Waliokufa walitunzwa, kwa kuwa waliokufa hawana haja ya kufichwa. Mwenye Hodi keshawapata. Mtu anaweza kuwapenda hadharani, akawawekea bweta la shaba. Na mimi niliyebaki hai, nikapika, nikacheka, nikazeeka kwa ajili ya mwanamke yule, nikasimama pale nawaonea wivu maiti watano.

Ee bweta.

Wewe uliyelala juu ya kichwa changu maisha yangu yote.

Nimepita chini yako na ndoo. Nimepita chini yako na shela ya harusi. Nimepita chini yako na jeneza la mama, na wewe ukanyamaza, una wengine tumboni.

Sikuulizi wako wapi. Najua wako wapi.

Nauliza niko wapi mimi.

"Bado kuna kitu," alisema Siwatu. Sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Hapa chini."

Chini kabisa, kwenye pembe, palikuwa na kitambaa kimekunjwa kikawa kidogo kama embe bichi la mwanzo wa msimu. Kanga. Maua nilikuwa siyajui na nilikuwa nayajua. Kilikuwa kimefungwa mafundo mawili, moja kila ncha. Sikukigusa kwanza. Niliyatazama mafundo. Mama yangu alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na fundo lake lilikuwa linakwenda kinyume. Nilikuwa namsaidia kulifungua kila akirudi sokoni, nalijua kwa ncha za vidole hata ungenifunga macho. Fundo la kulia lilikuwa linakwenda kinyume.

"Hili la mama," nilisema.

"Na hili la mama," alisema Siwatu, akishika la kushoto.

Tukafungua, yeye lake, mimi langu. Ndani palikuwa na kipande cha mkaa. Magamba ya samaki, yamekauka yakawa kama kucha. Ganda la yai. Uzi. Majivu kidogo, ambayo yalinuka moshi hadi leo hii ndefu.

"Taka," alisema mtu mmoja ukutani, amevunjika moyo.

Lakini sisi wawili tulikwisha kuelewa, tukakaa chini palepale. Walirudi. Baada ya kuokota, baada ya kupeana, baada ya kununa kwa ajili ya macho ya watu, wale wanawake walirudi jaani na kuchukua kilichokuwa chini ya migongo yetu. Majivu yaleyale tuliyoyalalia. Hawakuruhusiwa kutunza kitu cha mtoto. Wakatunza taka. Hawakujua nani ni wa nani, wakatia katika kitambaa kimoja, kila mmoja akafunga fundo lake, wakalipandisha bweta kwenye dari ya korido, katikati ya milango miwili, wakapima kwa kamba.

Nililia kama mtu mwenye siku saba. Siwatu aliniegemea, au mimi nilimwegemea. Kwa muda ule sikuweza kusema bega lipi lilikuwa la nani, na niwaambie, haikuniuma.

Kisha harufu ya wali ikafika, mtu kule uani akagonga sinia kwa kijiko kuita watu, na mlango wa mbele ukapigwa.

Hodi.

Midomo yote kwenye korido ikafunguka. "Hapa hapa—"

"Nyamazeni," nilisema.

Wakanyamaza. Haijawahi kutokea.

Hodi.

Nikainuka nikashika komeo la mlango. Siwatu akanifuata na kitambaa, akanishika mkono. "Shoga, usifanye hivyo. Ukifungua atauliza wa nani."

"Nitamjibu."

"Atakuchukua."

"Achukue nini, Siwatu? Hajawahi kuambiwa nipo. Hata mama pumzi yake ya mwisho aliitumia kusema sipo."

"Aliitumia kukuficha!"

"Najua. Leo ndiyo najua. Na kitu ukishajua kuwa kilifichwa kwa mapenzi, unaweza kukitoa nje."

"Mimi nina wajukuu," alisema, machozi yakimfika kidevuni. "Na huenda wewe ndiye wa mama yangu, na mimi ndiye wa mama yako. Ukijitaja, unanitaja na mimi. Hakuna namna ya kututenganisha."

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo kweli nzito kuliko zote nilizowahi kuzisikia kwenye korido lile lililosikia mengi. Jina langu halikuwa langu la kutoa peke yangu. Nikaondoa mkono kwenye komeo. "Basi sema wewe," nikamwambia. "Ukisema tujibu kama siku zote, tutajibu kama siku zote, na bweta litarudi darini, na sitakununia. Pengine siku mbili tu."

Siwatu aliyatazama majivu kwenye kiganja chake. Kisha akayarudisha kwenye kitambaa taratibu, asipoteze hata chembe, akajifuta kidevu. Alikwenda kwenye kona akachukua birika la kunawia, beseni, na taulo safi, lile la wageni.

Hodi, ya tatu.

Nikafungua.

Nilikuwa nimemtarajia na panga, au na orodha ndefu. Alikuwa mtu wa makamo, au mzee, uso wake ulikuwa hautulii, mara nilimwona mwanamume, mara niliona macho ya mama. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Mkononi hakuwa na kitu isipokuwa makubadhi yake, ameyavua, ameyashika kwa adabu, kama anavyovua mtu anayetumaini kuingizwa ndani. Kumbe kila siku alikuwa anayavua.

"Kuna mtoto hapa?" aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea jibu.

"Wapo," nilisema. "Wawili."

Akashtuka. Akarudi nyuma hatua moja.

"Wa nani?"

"Wa Bi Tunu," nilisema, na Siwatu nyuma yangu, birika mkononi, akamalizia: "na Bi Zamda. Na usituulize yupi wa yupi, maana hata sisi hatujui."

Alisimama pale kizingitini, haingii, hatoki. Nadhani katika safari yake yote hakuwahi kufundishwa la kufanya akijibiwa. Nyuma yangu niliisikia nyumba nzima imejaa, imejaa kweli, fundi Machano na vumbi la nyusi zake, mwenye mwiko, mwenye povu, na wale watano waliotoka kwenye bweta na ushanga wao, na kwa mara ya kwanza sauti ile ya chumba kitupu haikusema kitu.

"Mbona unasimama juani?" nikamwambia. "Weka makubadhi yako hapo, pembeni ya yetu. Siwatu, mmiminie maji anawe. Na nyie sogeeni kidogo, jamani, sinia halina pembe. Karibu ndani, mgeni wetu, wali unapoa. Karibu tule."